Mchanga wa Malindi na Mto Sabaki

Watu wengi hudhani ya kuwa pwani ni mpaka uliowekwa tangu mwanzo wa dunia, bahari upande huu na nchi kavu upande huu. Shuleni twachora ramani, twapiga mstari mmoja wa wino kati ya maji na nchi, na mtoto hukua akiamini kwamba mstari ule hausogei pwani kama usivyosogea karatasini. Lakini mtu aliyekaa Malindi miaka mingi ajua ya kuwa sivyo. Yeye ameuona mstari ule ukihama.

Katika ghuba ya Malindi zimo nyumba za wageni ambazo hapo kwanza zilijengwa karibu sana na maji, maana mgeni hapendi kwenda mbali akitaka kuogelea. Miaka ikapita, na mchanga ukazidi kurundikana mbele yake. Bahari ikarudi nyuma kidogo kidogo, na mahali palipokuwa pakipita mawimbi pakawa uwanja wa mchanga, kisha pakainuka matuta, na juu ya matuta yakaota majani. Leo mgeni wa nyumba kama hizo hana budi kuvuka matuta yale kabla ya kuyafikia maji. Hakuna mtu aliyeujaza uwanja ule kwa jembe wala kwa kikapu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba imejaza ghuba.

Basi, wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, swali letu ni hili: mchanga ule umetoka wapi, umefikaje, na kwa nini ulikuja kwa wingi zaidi katika karne ya 20 kuliko zamani? Jibu lake si habari ya watu wa pwani peke yao. Sehemu kubwa ya jibu imo mashambani, mbali na bahari, kwa watu ambao wengine wao hawajapata kuiona bahari maishani mwao.

Mchanga huo huletwa na mto. Mto wenyewe una majina matatu, kama mtu aitwavyo kwa jina moja nyumbani na kwa jina lingine safarini. Huko juu, katika nchi ya karibu na Nairobi na katika Ukambani, huitwa Athi. Ukiisha kupokea maji ya mto Tsavo, yatokayo upande wa Kilimanjaro, huitwa Galana. Ukikaribia bahari huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, kati ya Malindi na mji wa kale wa Mambrui. Ni mto wa pili kwa urefu katika Kenya, baada ya Tana. Mvua iliyonyesha juu ya shamba la Mkamba, na maji yaliyotiririka barabarani Nairobi, yote hufika mwisho wake hapo, nayo hayaji mikono mitupu.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake kazi ya mto kwa chupa moja. Na atwae chupa ya kioo, atie ndani yake udongo wa shambani kiasi cha konzi moja, ajaze maji, aitikise sana, kisha aiweke mezani. Mara mchanga mzito utashuka chini. Baada yake utashuka mchanga mwembamba. Tope laini litabaki ndani ya maji muda mrefu, na maji yatakaa na rangi ya udongo hata kesho. Mto nao hufanya vivyo hivyo. Maadamu unakwenda mbio waweza kuchukua mzigo wake wote. Lakini ukifika mlangoni mwa bahari mwendo wake hupungua, nao huutua mzigo ule. Mchanga mzito huanguka karibu na mlango na kufanya mafungu. Tope laini huenda mbali, na ndiyo sababu majira ya mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa kama chai iliyotiwa maziwa.

Mtu aweza pia kuujua mchanga wa mto kwa kuutazama tu. Kusini ya Malindi, upande wa Watamu, mchanga ni mweupe, maana umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi, tena na samaki kama pono, ambao hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa unga. Lakini ghubani Malindi na kuelekea Mambrui mchanga ni wa kahawia, una chembe zinazong'aa juani kama dhahabu. Si dhahabu, ni vipande vyembamba vya mawe ya bara. Huu ni mchanga mgeni, uliozaliwa milimani.

Tena liko jambo lingine ambalo mto hufanya bila kuonekana. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, toka kusini hata Malindi, ina mwamba wa matumbawe mbele yake, nao huyavunja mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Matumbawe hupenda maji safi yenye chumvi. Maji matamu yenye tope huyaua. Kwa hiyo mbele ya mlango wa Sabaki mwamba umekatika. Mawimbi makubwa huingia bila kizuizi, hupiga ufuko, na kuuchukua mchanga huku na huku.

Sasa tuangalie huo mchanga uchukuliwavyo. Wimbi haliji sikuzote likiuelekea ufuko sawasawa. Mara nyingi huja kwa mshazari, likifuata upepo. Likipanda husukuma chembe za mchanga kwa mshazari, na maji yakirudi huteremka moja kwa moja chini. Wimbi la pili huzipandisha tena kwa mshazari. Hivyo kila chembe huenda kwa kupanda na kushuka, hatua kwa hatua, kama mtu akweaye mlima kwa kuzungukazunguka, na mwisho wa siku imekwenda mbali na mahali ilipoanzia. Upepo wa kusi uvumapo, tangu Aprili hata Oktoba, mchanga huelekea kaskazini, upande wa Mambrui. Kaskazi ivumapo, tangu Novemba hata Machi, huelekea kusini, ukaingia katika ghuba ya Malindi. Nayo mvua ya vuli hunyesha mwanzoni mwa kaskazi, hata mara nyingi mzigo wa mto hutoka wakati mlango wa ghuba uko wazi kuupokea.

Maji yakipwa, mchanga hukauka, na hapo upepo wenyewe hushika kazi. Huziinua chembe kavu na kuzipeleka nchi kavu, mpaka zikute jani au shina la kuzizuia. Majani yatambaayo pwani huzishika. Mchanga hurundikana juu yake, nayo huota tena juu ya mchanga. Hivyo ndivyo tuta lipandavyo. Mivinje nayo husaidia kuyatuliza matuta hayo. Lakini ng'ombe wakiyakanyaga majani yale, au watu wakiyang'oa, tuta huanza kutembea, na tuta litembealo halijui shamba wala nyumba.

Nisije nikafahamika vibaya, nikaonekana nasema kwamba mambo haya ni mapya. Mto ulikuwapo kabla ya mji. Pepo zilizoendesha mchanga ndizo zile zile zilizoendesha vyombo vya bahari, nazo ndizo zilizoipa Malindi utajiri wake. Mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga mpaka China, awe zawadi kwa mfalme. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika na merikebu zake, akapokewa vema na mfalme wa Malindi, akapewa rubani wa kumwongoza, na tarehe 24 ya mwezi ule ule akang'oa nanga kwenda Bara Hindi. Mwishoni mwa karne ya 16 ukoo wa watawala wa Malindi ulihamia Mombasa, na mji ukafifia hata ukawa magofu. Karibu na mwaka 1861, katika zamani za Sayyid Majid wa Unguja, watu walikuja kukaa tena, na mashamba makubwa ya mtama na ufuta yakalimwa kwa jasho la watumwa. Majahazi yakaja kuchukua nafaka kwenda Uarabuni. Katika miaka hiyo yote mchanga ulikuja na kwenda, na vilima vikubwa vya mchanga vya upande wa Mambrui ni ushahidi wa kazi ya zamani sana ya mto na upepo.

Kilichogeuka ni kiasi. Nasi twajuaje, iwapo hapakuwa na mtu aliyekaa mlangoni mwa mto akipima tope kwa miaka 300? Alikuwapo mwandishi mmoja, naye ni tumbawe. Baharini karibu na Malindi yako matumbawe makubwa ya mviringo, yaliyo hai, ambayo hukua polepole na kuongeza tabaka kila mwaka, kama mti uongezavyo duara ndani ya shina lake. Udongo wa mtoni una madini yaitwayo bariamu. Ukifika katika maji ya chumvi huyaachilia, na tumbawe hula bariamu hiyo na kuiweka katika tabaka la mwaka ule. Mwaka wa udongo mwingi huacha bariamu nyingi, na mwaka wa udongo haba huacha kidogo. Wataalamu walitoboa tumbawe moja la namna hiyo, wakasoma tabaka zake kurudi nyuma hata karibu na mwaka 1700, na mwaka 2007 wakachapisha habari zake. Waliona kwamba kwa muda wa miaka 200 hivi udongo uliokuja na mto ulikuwa mchache, isipokuwa nyakati chache za mvua kubwa baada ya ukame. Kisha, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ulianza kuongezeka sana, wala haukurudi katika kiasi chake cha kwanza.

Ni nini kilichotokea huko juu katika miaka hiyo? Historia yajibu. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899. Nyuma ya reli walikuja walowezi, wakapewa mashamba makubwa. Wenyeji wakawekewa mipaka wasiivuke, na nchi waliyozoea kuhamia na mifugo yao wakati wa ukame ikafungwa. Watu wakaongezeka, ng'ombe wakabaki katika mahali padogo, na miteremko isiyofaa kulimwa ikalimwa, kwa sababu hapakuwa na pengine. Nchi isiyo na majani ikipigwa na mvua kali huvuliwa udongo wake kama mtu avuliwavyo nguo. Mwaka 1937 afisa wa kilimo, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya kuharibika kwa udongo wa Machakos, na hali aliyoieleza ilikuwa ya kutisha.

Dawa ya kwanza iliyotolewa na serikali ya siku zile iliongeza uchungu. Iliamriwa kwamba Wakamba wapunguziwe ng'ombe wao kwa nguvu, na ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1938 umati wa Wakamba, wanaume kwa wanawake, ulikwenda Nairobi kupeleka malalamiko kwa Gavana, ukiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Lakini serikali ililiacha shauri lile la kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Na tuangalie jambo hili. Mtu wa Machakos alipelekwa pwani kwa ajili ya ugomvi wa udongo, na wakati ule ule udongo wenyewe ulikuwa ukishuka pwani kwa njia ya mto.

Yafaa pia nieleze mema yaliyofuata, kwa maana habari hii si ya hasara tupu. Wakamba walijifunza kuchimba matuta ya kuzuia maji katika miteremko yao, tena kwa hiari na kwa kusaidiana katika vikundi vya jirani. Moja ya namna za matuta hayo huitwa fanya juu: mtu huchimba mfereji kwa kufuata usawa wa kilima, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu, ukawa ukingo wa kuyazuia maji. Jina hilo la Kiswahili limeenea, na wataalamu wa udongo wa nchi nyingi hulitumia vile vile lilivyo. Kati ya mwaka 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka kama mara 6, na hata hivyo mashamba mengi yalikuwa na hali njema kuliko hapo kwanza. Basi si kweli kwamba wingi wa watu peke yake huharibu nchi.

Walakini mto ni mrefu, na nchi inayoulisha ni pana kuliko Machakos. Mafuriko makubwa ya mwaka 1961, na yale ya mwaka 1997 na 1998, yalishusha maji mengi ajabu pamoja na udongo. Kwa makadirio ya wapimaji wa miaka iliyofuata, Sabaki huingiza baharini tani milioni kadhaa za udongo na mchanga kwa mwaka. Ndipo ghuba ya Malindi ikazidi kujaa.

Mtu aweza kuuliza: hasara iko wapi, ikiwa nchi kavu imeongezeka? Na amwulize mvuvi, ambaye hana budi kukiburuta chombo chake mbali zaidi maji yakipwa, na ambaye mafungu mapya humgeuzia njia aliyoifahamu. Na ayatazame matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Hayo hupata tope kila mwaka, na aina zisizovumilia tope hupata taabu kuliko nyingine, ingawa pigo lao kubwa kabisa lilikuwa joto la bahari la mwaka 1998. Tena na amwulize mkulima wa juu. Udongo ule uliojaza ghuba ulikuwa chakula cha mahindi yake.

Liko tena jambo la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema ya kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Mpaka huo ni mwepesi kuuandika, ila mto hausomi katiba. Mahali palipokuwa pakifunikwa na maji ya bamvua wakati wa babu, leo pana tuta na mvinje. Mwenye nyumba iliyo nyuma yake hutamani kupaita pake. Mvuvi aliyepita hapo tangu utoto ajua kwamba palikuwa njia ya wote. Mzee anayekumbuka maji yalipofika ni shahidi wa thamani, naye akifa bila kuulizwa, ushahidi wake umezikwa pamoja naye.

Na hata akipatikana mwenyewe wa haki, asifanye haraka kujenga, maana mchanga ulioletwa waweza kuondolewa. Mfano wa jambo hilo uko Misri. Kwa miaka maelfu mto Nile uliongeza nchi mahali uingiapo baharini. Mwaka 1970 bwawa kubwa la Aswan lilimalizika. Tangu hapo tope lililokuwa likishuka na mto likabaki nyuma ya ukuta wa bwawa. Bahari haikukoma kuchukua, ila mto ulikoma kuleta. Pale Rosetta, penye mlango mmoja wa Nile, ufuko uliliwa kwa kasi, na nchi kubwa ikamezwa. Nasi katika mto wetu, kazi ya kujenga bwawa la Thwake, huko Makueni, ilianzwa mwaka 2018. Bwawa ni kitu chema kwa watu wenye kiu. Lakini kila kizuizi cha maji ni kizuizi cha mchanga pia, na watu wa Malindi yawapasa kulijua hilo kabla ya kuamini kwamba uwanja ulio mbele ya nyumba zao utadumu.

Kwa hiyo nawashauri jambo moja dogo, hasa ninyi walimu na wanafunzi mkaao karibu na mlango wa mto wowote, uwe Sabaki, au Tana, au Rufiji, au Pangani. Chagueni alama isiyohama: pembe ya msikiti, ukuta wa kanisa, au jiwe kubwa. Kila mwezi, siku ya bamvua, maji yakiisha kujaa, pimeni kwa kamba toka alama ile hata ukingo wa maji. Andikeni tarehe, upepo uliovuma, na urefu wa kamba. Msipime leo wakati wa kujaa na kesho wakati wa kupwa, mkajidanganya. Baada ya mwaka mmoja mtaiona kusi na kaskazi katika hesabu zenu, kwa kuwa ufuko hupanuka na kupungua kwa majira. Baada ya miaka 10 mtajua kama nchi yenu inakua au inaliwa, na siku watu watakapogombania mpaka, daftari lenu litakuwa na maneno ya kusema.

Nanyi mkaao juu, katika miteremko ya Athi, hamna haja ya kamba. Siku ya mvua kubwa simameni kando ya kijito na kuyatazama maji. Yakiwa mekundu, jueni ya kuwa shamba la mtu liko safarini kwenda Malindi.